Ncha ya Pili ya Kamba

Usiku wa jana niliota goti langu la kulia limenitoka, limekwenda kukaa barazani, limenipa mgongo.

Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai. Nilijikokota kwa goti la kushoto mpaka mlangoni, nikalisalimu kwa adabu, maana ni la siku nyingi na limefanya kazi.

"Habari za asubuhi, goti."

"Miaka sabini na moja unaniamsha, leo ndiyo unauliza habari?"

Sauti haikuwa ya goti lenyewe. Ilitoka ndani, pale mfupa wa paja unapokutana na muundi. Palikuwa na kitu cheupe, kinene kama kidole, kimejibana kati ya mifupa miwili kama mlinzi mlangoni.

"Mimi si goti," kikasema. "Mimi ni kamba ya kiungo. Ninashika mfupa wa juu na mfupa wa chini isiachane. Nimekuja kukuaga."

Niseme kwanza mimi ni nani, maana mwenye kusoma hanijui, na hapa Manyoni pia hawanijui. Naitwa Misigalo, Mnyamwezi. Kazi yangu ni kuwamba vitanda vya kamba, nyumba kwa nyumba, mji kwa mji. Siku hizi watu wanalalia mbao na godoro, kwa hiyo ninatembea kuliko ninavyowamba. Shule nimesoma vipande vipande: darasa la pili hapa, la tatu kule, elimu ya watu wazima mihula miwili. Mambo ya mwili niliyasikia dirishani. Niliwahi kuwamba vitanda ishirini kwenye chuo kimoja cha wauguzi, na mwalimu alikuwa akifundisha upande wa pili wa dirisha. Vitanda vilipokwisha, somo lilikuwa ndiyo kwanza limefika kwenye moyo. Mwisho wake sikuusikia.

Basi kamba ya kiungo nilikuwa naijua kwa jina. Mwalimu yule alisema ikivutwa kupita kiasi hairudi kama mpira. Inabaki imelegea.

"Unaniaga unakwenda wapi?" nikauliza.

"Siendi popote. Naacha tu. Sote tunaacha. Mimi, kano, gegedu, tando, nyuzi za moyo. Sisi ni watani wako, na wewe hutaniwi."

"Watani wangu ni Wazaramo."

"Hao ni wa nje. Sisi ni wa ndani. Hebu fikiri, kama kichwa bado kipo kazini. Mfupa huu una ukoo wake, na ule una ukoo wake. Nani awashike? Ndugu wa huyu akishika atavutia kwao. Ndugu wa yule hivyo hivyo. Lazima awe mtu wa kando. Mimi si mfupa. Si nyama. Ni nani huyo kama si mtani?"

Kwa asiyejua, mtani si ndugu yako. Ni mtu wa kabila jingine ambaye mababu zenu walipatana zamani: yeye anakutukana, wewe unamtukana, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba ndugu hulia, mtani hufanya kazi. Anachimba, anabeba, na katikati ya kilio anamwigiza marehemu mpaka waliofiwa wacheke bila kutaka. Bila yeye watu wanabaki wamekaa, kila mmoja na kilio chake, kama mifupa ndani ya gunia.

"Nani amebaki kazini?" nikauliza.

"Moyo umebakiwa na uzi mmoja. Ule unaozuia mlango usipinduke. Ukikatika, mlango unapindukia nyuma, damu inarudi ilikotoka, na Mama Chilongani anakukuta kitandani asubuhi, hajui kabila lako, hajui ampigie simu nani."

Mama Chilongani ndiye mwenye nyumba ya wageni ninayolala.

"Uwambwe upya," nikasema. "Mimi ni fundi."

Goti likacheka kwa mlio ule linaoutoa nikipanda ngazi. "Twende ukaone, fundi." Likarudi mguuni, kwa safari hiyo tu.

Naingia ndani, na baraza si baraza tena. Ni ushoroba mrefu mwekundu wenye joto. Ni paja langu.

Wamesimama wanaume warefu, wamebanana kama mashati kwenye kamba ya kuanikia. Kila mmoja amevaa kanzu nyeupe nyembamba sana, ule utando unaouona buchani juu ya mnofu. Wanapitana bila kukwaruzana kwa sababu ya kanzu zile. Ni misuli. Chini ya kila kanzu kitambaa kimesokotwa kikawa kamba, na kamba imefungwa kwenye mfupa.

Mfupa wa paja umelala katikati ya njia. Nikawaomba wausukume kidogo nipite.

"Hatusukumi, babu," akasema wa mbele. "Sisi tunavuta."

"Hata mara moja?"

"Msuli anajua neno moja. Akivuta wa upande huu mguu unakunjwa. Akivuta wa upande ule unanyooka. Kusukuma tunakusikia tu kwa watu."

"Na hii kamba yako?"

"Hiyo ndiyo kano, mtu mwingine kabisa. Yeye havuti. Anashika tu. Bila yeye mimi ningekaza mwili kutwa nzima, na mfupa usingepata habari."

Wakavuta, nikapita chini ya mfupa. Wa nyuma kabisa, mwembamba, akanishika kiwiko.

"Babu, samahani. Miaka yote hii nimevuta mpaka kisigino kikainuka, nimevuta mpaka kikainuka. Tulikuwa tunakwenda wapi?"

"Sijui," nikasema.

Akawageukia wenzake. "Anasema hajui." Wakapashana habari mpaka mwisho wa ushoroba. Hakuna aliyekasirika. Walilegea tu kidogo, nami nikahisi miguu yangu inakuwa maji.

Nikatambaa. Nikafika mahali penye mawe mawili makubwa laini, moja juu ya jingine, na katikati yake amekaa bibi mweupe, anang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mimi ndiye gegedu. Kanyaga."

"Nikanyage wapi?"

"Popote. Nina njaa. Sina mshipa wa damu hata mmoja, mjukuu wangu. Wenzangu wanaletewa chakula mlangoni. Mimi ukikanyaga, nabanwa; ukiinua mguu, naachia, nanyonya ute ulionizunguka. Ndiko kula kwangu. Mtu akikaa kitako mwaka mzima, mimi nimefunga mwaka mzima."

Nikakanyaga mara kumi, papo hapo. Ute ukapanda kama mlenda kwenye chungu. Bibi akafumba macho akala.

"Basi mimi nimekulisha vizuri," nikasema. "Nimetembea miaka ishirini na miwili."

"Umenilisha. Sikatai. Umenisaga upande mmoja, kwa vile unavyopiga goti ukiwamba, lakini njaa sijaijua." Akajilamba. "Ila nyayo zako hazina chumvi."

"Nyayo nazo zina chumvi?"

"Za anayekwenda kwa mtu zinayo. Za harusini tamu sana. Za kumfuata mdeni pilipili tupu. Zako, mjukuu wangu, ni uji wa mgonjwa. Nakula kwa sababu ndicho kilichopo."

Nikataka kumwambia kwamba niliwahi kuwa na mtu wa kwenda kwake. Akaniwahi.

"Usinieleze mimi. Mimi ni wa kukanyagwa. Nenda juu, ule uzi unalia."

Na kweli ulikuwa unalia kwa sauti nyembamba, kama kamba kavu inapobeba mtu mzito.

Nikafumba macho, nilipoyafumbua nipo kifuani. Hakuna aliyenipandisha. Moyo wangu umefungwa ndani ya mfuko wa ngozi mbili, na kati ya ngozi hizo maji kidogo ya utelezi, ili uchezecheze bila kuchubuka. Chini mfuko umeshikizwa kwenye utando ule mpana wa kupumulia. Nilifurahi kuona kazi nzuri, nikaingia ndani. Nikasema moyoni, huyu fundi hakulipua. Kisha nikakumbuka kwamba moyoni ndipo nilipokuwa, na maneno yalisikika chumba kizima.

"Nani anasifia?" sauti ikajibu.

Katikati ya chumba kulikuwa na kitanda. Matendegu manne ya kusimamia, mifumbati miwili ya ubavuni, kila kitu mahali pake. Lakini kamba zote zimekatika zinaning'inia, imebaki moja tu imepita katikati. Na juu ya kamba ile moja, na viatu vyake miguuni, amelala Kondo Mwinshehe.

Kondo ni Mzaramo wa Kisarawe. Ndiye aliyenifundisha kuwamba, tulipokuwa vijana. Yeye akivuta nilishika mimi, nikivuta mimi alishika yeye, na matusi toka asubuhi mpaka jioni. Mke wangu Kalunde alipofariki, Kondo alifanya kazi ya mtani. Alichimba kaburi, akajitosa ndani akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Akaita kwa sauti: "Shuka upesi, Kalunde, nimekupashia moto! Huyu mume wako ana miguu ya baridi, miaka yote umeivumilia!" Kisha akatoka akatembea kwa kuchechemea, vile Kalunde alivyokuwa anachechemea na nyonga yake.

Watu walicheka. Mimi nilimpiga kwa mpini wa jembe.

Hiyo haifanyiki. Nimezunguka miji mingi na sijapata kusikia mtu mwingine aliyefanya hivyo. Wazaramo wote waliweka chini majembe wakaondoka, bila neno, na kaburi la mke wangu nililifukia mimi na shemeji mmoja mpaka jua likachwa. Kesho yake nikaanza kutembea. Tangu hapo mtu akiniuliza kabila, nasema mimi ni mtu wa barabarani.

"Kondo," nikasema, "ondoka hapo. Uzi utakatika."

"Siondoki. Niliwahi kuondolewa mahali kwa mpini. Leo mpini unao?"

"Naomba radhi, Kondo."

"Radhi peleka kwa ndugu zako. Peleka kwa hakimu. Tangu lini mtani akaombwa radhi?" Akajigeuza ubavu. Uzi ukalia. "Unaona aibu hii? Kitanda cha fundi, hakina kamba!"

"Nitakiwamba sasa hivi."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nimezoea. Ncha ya pili naishika kwa kidole gumba cha mguu."

"Kwa kidole cha mguu!" Akainuka kwa kiwiko ili anitazame vizuri. "Kumbe ndiyo maana! Mpaka Kisarawe tumesikia. Wanasema kitanda cha Misigalo unalala mtu, unaamka embe ndani ya kapu."

Nilijua ni kweli. Kamba ya kitanda haitaki mtu mmoja. Mmoja anavuta, mwingine anaishika ncha asiiachie mpaka fundo likae. Kila kitanda nilichowamba miaka hii kililegea kabla mwezi haujaandama tena, na mimi nilikuwa nimeshaondoka mji ule.

"Basi shika, Kondo."

"Nimshikie nani? Mimi nashikia watani wangu. Wewe ni mtani wangu?"

"Ndiyo."

"Nitukane."

Nafungua kinywa. Hakuna kitu. Natafuta ndani ya mashavu, chini ya ulimi. Miaka ishirini na miwili nimesema naam, na ahsante, na kesho naondoka. Tusi hata moja.

"Wewe," nikasema. "Wewe ni Mzaramo."

"Hilo ni tusi au ni sensa?"

Kitanda kikashuka inchi moja. Nikasikia kifuani mlango unapiga vibaya, kama mlango wa choo siku ya upepo.

"Unachelewa," akasema Kondo. Akashuka kitandani. Akaanza kuzunguka chumba kwa kuchechemea, mkono kiunoni, mguu wa kushoto ukiburuta, vile vile. Vile vile hasa. Kalunde mtupu, akitoka kisimani, akipita kando ya ukuta wa moyo wangu.

Mkononi mwangu kuna nyundo ya mti, ile ya kugongea kamba. Sikuishika mimi, ilikuja. Ndani ya mkono namwona mwanaume mrefu mwenye kanzu, na neno lake moja, anavuta. Mkono unapanda. Anavuta kwa nguvu zake zote, na mimi simkatazi.

Ukafika juu, ukagoma.

"Wewe vipi?" msuli akamuuliza kano aliyekuwa chini yake.

"Mimi nashika tu," akasema kano. "Nimemaliza kushika mambo ya mpini. Avute na mfupa wake mwenyewe."

Akaachia. Nyundo ikaanguka bila kelele, na mkono wangu ukaning'inia kama shati. Kondo hakusimama. Alizidi kuchechemea. Ndipo nikaona kitu ambacho siku ile ya kaburi sikukiona kwa sababu ya hasira. Machozi yalikuwa yanamtoka mpaka kidevuni. Alimwigiza barabara kwa kuwa alimtazama miaka mingi akipita na maji. Palepale makaburini, mimi na yeye tu ndio tuliokuwa tunaujua ule mwendo hatua kwa hatua.

"Kondo," nikasema.

"Sema."

"Siku ile Kalunde alikawia kushuka kaburini. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Alisikia harufu ya miguu yako. Aliniambia bora angojee ufufuo hapa hapa juu."

Kondo akasimama. Mguu mmoja hewani. Uzi ule ukanyamaza.

Kisha akacheka. Alicheka akakaa chini, akapiga sakafu kwa viganja, na kila alipopiga moyo uliruka. "Miaka ishirini na miwili!" akasema. "Tusi hili limetembea kwa miguu kutoka wapi? Mnyamwezi mjinga wewe, mbeba mizigo ya watu, hata tusi unalibeba kichwani miaka ishirini na miwili ndipo unalitua!"

"Lilikuwa zito. Linakuhusu wewe."

"Leta kamba."

Zilikuwepo, lundo la kamba za usumba, zile za makumbi ya nazi, zimeloweshwa vizuri ili zikikauka zikaze. Tukawamba. Mimi navuta, yeye anashika. Yeye anavuta, mimi nashika. Hapakuwa na kidole cha mguu. Alinitukana ukoo mzima na mimi nikarudisha, mengine mazuri, mengine ya kuazima. Kila fundo lilipokaa mlango ulifunga kwa mlio safi, tap, na haukurudi nyuma. Goti likapiga kelele toka chini kwamba limesikia. Kutoka mbali zaidi bibi gegedu akauliza kama kuna harusi.

Ikabaki kamba moja.

"Kondo, wewe uko hai?"

"Vuta kwanza."

"Nakuuliza swali la kweli. Sijapata habari zako. Uko hai?"

"Na mimi nakwambia vuta. Ukisimama kuuliza, fundo linalegea."

Nikavuta. Yeye akashika ncha yake, ameizungusha mkononi mara mbili, amekanyaga mfumbati kwa kiatu. Nilivuta mpaka kamba ikaning'ata viganja, na upande wa pili hakuachia, hakuachia, hakuachia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Chumba cha Mama Chilongani ni kitanda cha mbao, godoro, ndoo. Nililala nikisikiliza kifua changu. Kilikuwa kinafanya kazi bila kuniuliza. Nikakunja vitu vyangu ndani ya shuka, nikatoka. Mama Chilongani alikuwa anafagia uwanja.

"Mzee, unaondoka? Si ulisema mpaka mwisho wa wiki?"

"Naondoka, mama. Nakwenda Kisarawe."

"Kuna nini huko?"

"Kuna Mzaramo nataka nikamtukane."

Akaacha kufagia. "Wewe kumbe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Haya! Wiki mbili unakunywa chai yangu kimya kimya kwa adabu kama mkwe, kumbe Mnyamwezi! Ningejua ningekuwa nakunyima sukari, sisi Wagogo ni watani wenu pia." Akacheka mpaka akaegemea ufagio. Kisha akauliza taratibu, "Na huyo Mzaramo wako, ni mtu mzima?"

"Tumelingana."

"Ukimkuta ametangulia je?"

Nikafikiri. "Basi nitamtukana akiwa amelala. Hatakuwa na la kujibu. Itakuwa mara yangu ya kwanza kumshinda."

Nikamnyooshea ufunguo. Hakuupokea. Alikishika kiganja changu akakigeuza juu, akakitazama, kisha akautazama uwanja wake mzima, ukame mtupu, na vichaka vya Manyoni mpaka relini.

"Haya makumbi ya nazi umeyatoa wapi wewe?"

Chini ya kucha zangu kulikuwa na nyuzi za usumba. Akauchomoa mmoja kwa vidole viwili, akauminya.

"Mbona umelowa?" akasema.